Andikeni ni saa ya wapi

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo ulitusimulia habari za mume na mke wa Marekani wanaopakia gari siku ya Ijumaa, wanaendesha kilomita mia mbili au mia tatu, wanatazama hoki ya barafu ya vyuo vikuu, wanalala hoteli, kesho yake wanatazama tena, na Jumapili wanarudi kwao bila haraka. Mwandishi akamaliza kwa kuuliza kama Lubumbashi kuna watu wa kufanya hivyo. Wako tele. Kila wikendi ya ligi ya kandanda, barabara ya Likasi na Kolwezi ina magari yenye skafu nyeusi na nyeupe za Mazembe, ama kitambaa cha njano na buluu cha Lupopo dirishani, na ndani mara nyingi ni mtu na mke wake. Hamu ipo. Kinachoharibu safari zao ni saa, na sehemu ya kosa hilo inachapishwa kwenye ukurasa huohuo wenu.

Kuna jambo mwandishi aliliruka juu ya hoki ile. Kwenye vyuo vikuu vya Marekani, timu zilezile mbili kwa kawaida hukutana usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi, katika uwanja uleule. Mchezo una vipindi 3 vya dakika 20, saa husimamishwa kila mpira ukisimama (ule mpira wao mgumu, bapa kama kifuniko cha sufuria), na pamoja na mapumziko mawili watu hukaa ndani kama saa mbili na nusu. Uwanja una paa. Ratiba hutoka kabla msimu haujaanza mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo mtu anasafiri mchana, anatazama usiku, analala karibu. Safari yao ni rahisi kwa sababu ya mfuatano huo, wala si kwa sababu ya uzuri wa barabara.

Sisi mfuatano wetu umepinduka. Mechi ni alasiri, uwanja uko wazi, ratiba inaweza kugeuka siku mbili kabla, na mtu anataka kurudi usiku uleule kwa kuwa Jumatatu kuna kazi. Hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Kwanza, saa yenyewe. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Mkiandika «15:30» bila kusema ni ya wapi, msomaji hana njia ya kujua. Kama ni 15:30 ya hapa na yeye amedhani ni ya Kinshasa, atafika langoni saa 16:30, wakati kipindi cha pili kinaanza. Kama ni kinyume chake, atakaa juani saa nzima, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mechi itamalizika karibu na 18:25, giza limeshaingia ama liko mlangoni, na mpango wake wote wa kurudi umekufa. Na mnapoandika «saa tisa» kwa maneno mnaongeza fujo nyingine, maana katika mji huu kuna anayesoma 15:00 na kuna anayesoma 9:00, kutegemea alikulia wapi na nani alimfundisha saa. Tarakimu zinatosha.

Pili, jua. Mechi ya 15:30 ina dakika 90, mapumziko 15, na dakika chache za nyongeza: filimbi ya mwisho ni karibu na 17:25. Kutoka tribini (jukwaani) hadi gari, pamoja na msongamano wa langoni, hesabu nusu saa. Kolwezi jua huzama karibu na 18:00 mwezi wa Juni, na karibu na 18:40 mwezi wa Desemba. Baada ya hapo giza huku kwetu haliombi ruhusa. Maana yake ni kwamba hakuna mechi ya 15:30 Kolwezi inayomruhusu mtu kurudi Lubumbashi mchana. Hakuna. Ni kilomita 120 hivi hadi Likasi na karibu 180 nyingine kupitia Fungurume hadi Kolwezi, na kwa malori ya shaba na kobalti yaliyopo njiani tunashauri mtu ahesabu saa tano hadi sita. Anayekwambia alifanya kwa saa tatu na nusu anakusimulia bahati yake.

Usiku barabara hiyo ni kitu kingine. Lori likiharibika hubaki palepale kwenye lami, mara nyingi bila taa, na onyo lake ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani mita thelathini au arobaini nyuma. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Matawi unayaona, unashangaa, na tayari uko kwenye bampa. Kuna ubaya mwingine: lori likiondoka, matawi huachwa. Kwa hiyo madereva wengi wameacha kuyaheshimu. Ongeza baiskeli za makala (makaa), magunia matatu nyuma, bila hata kioo cha kuakisi mwanga, na mashimo ambayo mchana unayakwepa kwa macho lakini usiku yanafunikwa na taa za anayekuja. Kwa hiyo anayetaka kwenda Kolwezi atafute mechi ya Jumamosi: aondoke Lubumbashi saa 6:00 ama 6:30, apumzike Likasi, aingie Kolwezi kabla ya 13:00, atazame, alale, arudi Jumapili. Mechi ya Jumapili Kolwezi si ya mwenye kazi Jumatatu asubuhi. Afadhali aende uwanja wa Kikula, Likasi, na hapo pia achague: mara nyingine mechi mbili huchezwa siku moja kwenye uwanja mmoja, na ile ya 13:00 humalizika kabla ya 15:00. Akishika njia 15:30, kilomita 120 zinamfikisha nyumbani bado anaona. Ile ya pili aiache, hata kama ndiyo tamu.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: kwenda Kolwezi asubuhi ni kwenda magharibi, jua liko mgongoni. Kurudi asubuhi ni kinyume chake, jua liko usoni, na kati ya 6:30 na 8:00 kioo cha mbele chenye vumbi kinageuka ukuta mweupe. Kifute kwa ndani pia, maana utando wa moshi na mvuke hukaa ndani na maji ya waipa hayaufikii. Au kunyweni chai taratibu, mwondoke saa 8:00. Hakuna anayewafukuza.

Sasa kuhusu kulipita lori, na hapa ndipo mume na mke wanaposafiri kweli wawili. Sisi huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya mji huu yaliingia kutoka Japani yakiwa na usukani kulia. Dereva wa gari kama hilo, akiwa nyuma ya lori, haoni kitu; yuko upande wa majani. Anayeona ni aliyeketi kushoto. Ili ajue, dereva asiye na mwenzake inabidi atoe karibu gari zima kwenye upande wa wanaokuja, ndipo achungulie. Ajali za ana kwa ana huanzia hapo.

Hesabu yake ni hii. Lori lenye trela lina kama mita 20. Likienda 60 na wewe 80, unalizidi mita 5 na nusu tu kwa sekunde. Unahitaji kufuta mita 20 za nafasi nyuma yake, mita 20 za lori lenyewe, mita 20 za kurudi mbele yake, na urefu wa gari lako: jumla mita 64, yaani sekunde 11 na nusu. Katika muda huo umetembea zaidi ya mita 250. Anayekuja mbele kwa 80 naye ametembea zaidi ya 250. Kwa hiyo mnahitaji nusu kilomita iliyo wazi kabisa, isiyo na kona, kilima wala daraja, kwa lori moja. Kwa malori mawili yaliyofuatana jibu ni hapana, mpaka yaachane.

Aliyeketi kushoto hatoi ruhusa, anatoa habari. Maneno ni mawili, na myakubali kabla ya kutoka nyumbani: «ngoja» na «wazi». Neno «nenda» lisitumike, kwa sababu dereva akisikia «nenda» mguu unakanyaga kabla macho hayajathibitisha, na kama ni mke aliyesema, ugomvi wake utafika hadi Jumatano. Anaposema «wazi», dereva anatoka kidogo, anaangalia mwenyewe, ndipo anaamua. Na ili aliyeketi kushoto aone kitu, kaeni mita 50 nyuma ya lori mkiwa mnasubiri, si 10. Karibu sana turubai linafunga kila kitu, na mawe yanayorushwa na matairi yanapiga kioo. Dereva wa lori akiwasha indiketa, msimwamini moja kwa moja: mmoja anamaanisha «pita», mwingine anamaanisha «natoka kukwepa shimo», na taa ni ileile.

Kuhusu matairi, upepo sahihi umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva ama ndani ya kifuniko cha tanki. Fuateni huo, na mpime asubuhi tairi likiwa baridi, kabla gari halijaenda kilomita mbili tatu. Tairi moto hudanganya, linaonyesha zaidi. Watu huogopa upepo mwingi, kumbe unaoua ni mchache: tairi legevu hujikunja kila mzunguko, ubavu unapata moto, na baada ya kilomita mia moja na kitu za mwendo wa 90 linapasuka kwa ubavu, ambapo hakuna kiraka. Pimeni na la akiba, ambalo kwa magari mengi halijaguswa tangu literemke melini Dar es Salaam. Fungueni nati za magurudumu nyumbani, mzikaze tena vizuri kwa klé (spana) ya gari lenyewe. Fundi wa tairi akizikaza kwa bomba refu, klé ndogo ya gari haitazifungua pembeni ya Fungurume. Na chukueni kipande cha ubao, sentimita 30 kwa 30, unene 3. Jeki bila ubao kwenye udongo mwekundu wakati wa mvua huzama yenyewe badala ya kuinua gari.

Esansi (petroli): gari linalokula lita 9 kwa kilomita 100 linahitaji lita 54 kwenda na kurudi Kolwezi. Weka 12 za mizunguko ya mjini na za msongamano. Jazeni Lubumbashi jioni ya kuamkia safari, si asubuhi kwenye mstari, na mwongeze Kolwezi kabla ya kulala. Kwa chupa za Kadhafi, wauza mafuta wa pembeni ya barabara, sisi tunasema hapana isipokuwa tanki limekauka: mafuta yao yakichanganywa na mafuta ya taa injini inagonga kila ukipanda kilima, yakiwa na maji gari linazima baada ya kilomita chache, na hapo hujui ulaumu nini.

Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa baridi. Nyuma ya malori yanayojikokota kilimani upepo wa mbele haupo, joto linapanda. Sindano ikianza kusogea, zimeni AC, fungueni hita hadi mwisho, simameni mahali salama, na msiguse kifuniko cha rejeta kwa nusu saa nzima.

Karatasi mnazijua: leseni, kati ya rozi (kadi ya gari), asiransi (bima), kontrole tekniki (cheti cha ukaguzi wa gari), vinyeti (stika ya kodi ya gari), zote asili, na zisome tarehe kabla polisi wa barabara hajawasomea. Pembetatu za onyo mbili, kizima moto, sanduku la dawa. Kwenye peaje, pale pa kulipia barabara, kuna bei ya kwenda na kuna ya kurudi. Bakizeni faranga ndogondogo na mtunze risiti hadi mfike nyumbani. Dola iliyochanika hata kwa upana wa ukucha hamtaitumia popote, kwa hiyo zikagueni Lubumbashi, kwani huko hakuna shangazi wa kuibadilisha.

Kolwezi ni mji wa migodi na vyumba vyake hushikwa na watu wa kampuni. Pigeni simu, muulize mambo manne tu: gari linalala ndani ya uzio? Chandarua kipo? Maji yanatoka saa zote au kwa ndoo? Na kama mechi ikiahirishwa, malipo yanarudi? Swali la nne ndilo watu wanaloliona aibu kuuliza, na ndilo linalowagharimu. Mji uko juu kuliko Lubumbashi, mita zaidi ya 1,400 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai chukueni sweta hata kama mchana mlikuwa mnapepea gazeti.

Uwanjani, iwe Dominique Diur kule Kolwezi ama Kikula, kanuni ni moja: kaeni upande ambao mgongo wenu unaelekea magharibi. Kipindi cha pili jua la 16:45 linaingia machoni mwa walioko upande wa mashariki, na watasimuliwa bao na jirani. Wenye tiketi za bei ndogo wafike saa moja na nusu kabla, kwa kuwa hapo hakuna namba ya kiti. Mwavuli uacheni garini, leteni koti la mvua la plastiki. Mwavuli unawakinga wawili na kuwaziba kumi, na kumi hao wana midomo. Haja ndogo ni kabla ya dakika ya 40. Kwa mama hili si utani, foleni ya mapumziko ya dakika 15 huchukua dakika 25. Kubalianeni mahali pa kukutana nje, mti au ukuta fulani, kwa sababu watu elfu kadhaa wakishika simu kwa pamoja mtandao hulala. Gari liegesheni pua ikiangalia barabara.

Kwa ndoa zenye rangi mbili za timu, na Lubumbashi zipo nyingi, jezi zisivaliwe ugenini hadi muone mnakaa wapi. Mazembe na Lupopo zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, moja kwa watawa Wabenedikto na nyingine kwa watu wa reli, na tangu hapo hazijawahi kukaa benchi moja kwa amani. Mkiwa wawili mmegawanyika, anayeshabikia wenyeji ndiye anachagua tribini. Mwingine anashangilia kwa tumbo.

Chakula hatutasema mengi. Likasi kunyweni chai na mikate, bukari (ugali) na michopo (nyama choma) ziwe za jioni mkishafika. Dereva aliyekula bukari saa 11:00 anasinzia saa 12:00. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kinachochachushwa, mnunue wakati wa kurudi, na chupa isijazwe hadi shingoni wala kufungwa kwa nguvu, kwani inaendelea kuchacha ndani ya gari lenye joto na kizibo kitapiga dari.

Wapo watakaosema: kwa nini si Zambia? Ndola kuna uwanja wa Levy Mwanawasa, uliofunguliwa 2012, na huko usukani wa kulia unakuwa mahali pake. Lakini mpaka wa Kasumbalesa una pasi, kadi ya homa ya manjano, asiransi inayokubalika ng'ambo, na foleni ya malori isiyoheshimu filimbi ya mwamuzi. Hiyo ni safari ya siku tatu.

Tunarudi kwenye ombi letu, Bwana Mhariri. Toleo lenu la Ijumaa ndilo watu wanalolipangia safari. Kwa kila mechi ya Likasi na Kolwezi tunaomba mstari mmoja wenye vitu vitano: siku, saa kwa tarakimu ikifuatwa na neno «Lubumbashi», mji na uwanja, iwapo mashabiki wanaingia au milango imefungwa, na siku ambayo mwandishi wenu aliithibitisha ratiba hiyo, kwa mfano «imethibitishwa Alhamisi jioni». Hicho cha tano ndicho muhimu kuliko vyote. Mechi iliyothibitishwa Jumatatu na iliyothibitishwa Alhamisi si mechi moja. Na ile ambayo hamjaithibitisha, andikeni hivyohivyo, «haijathibitishwa», ili mtu abaki Kamalondo bila kuunguza lita 54.

Wasomaji wenu,
mume na mke,
komini ya Kamalondo, Lubumbashi